Unayemkodi ni Nahodha

Kampala hujitaja kwa vilima vyake. Mengo, Rubaga, Namirembe, Kibuli, Kololo: mgeni akiulizia mji anaonyeshwa juu, na mwenyeji akieleza anakokaa anaanza na kilima kilicho karibu naye. Hata hivyo mji huu una bandari kongwe kuliko barabara zake zote za lami. Busabala ndiko Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, alikompokea Henry Morton Stanley mwezi wa Aprili 1875, mgeni huyo alipofika kwa mashua yake Lady Alice akitokea kusini ya Ziwa Victoria. Munyonyo ndiko Mwanga II alikokuwa na makao ya ufukweni, na ndiko aliporejea kutoka kuwinda viboko ziwani siku ile ya Mei 1886 alipoamuru kuuawa kwa vijana Wakristo wa ikulu yake. Port Bell, pale Luzira, ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Uingereza, katika zama ambazo meli za mvuke kutoka Kisumu ndizo zilizokuwa mlango wa nchi. Entebbe nayo ilikuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni tangu miaka ya 1890 hadi uhuru wa 1962, ikitazama maji pande karibu zote. Leo fukwe hizohizo zinatangaza boti za kukodi: kwa saa, kwa nusu siku, kwa wikiendi nzima, kwenda kuwaona sokwe wa kisiwa cha Ngamba, kupita kinamasi cha Mabamba, kulala visiwani Ssese, au kuzunguka tu na muziki siku ya kuzaliwa ya rafiki. Ni jambo jema kwamba wakazi wa mji wanarudi majini. Ila mtu anayekodi chombo halipii mbao, wala injini, wala viti vyenye mito. Analipia uamuzi wa nahodha, na biashara ya starehe ya majini isiyosimama juu ya mamlaka ya nahodha inauza kitu isichokuwa nacho.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika mji mkongwe wa Lamu, pwani ya Kenya, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Huko kukodisha vyombo ni riziki ya watu wengi. Mgeni anashuka gatini, anapatana na mwenye mashua au jahazi, na safari inafungwa: Shela, Manda, au mbali zaidi hadi Pate na Kiwayu. Chukua safari moja tu, ile ya magofu ya Takwa kisiwani Manda. Njia yake ni hori linalopita katikati ya mikoko, na hori hilo hupitika maji yakijaa tu. Yakitoka, chombo kinakaa topeni hadi yarudi. Kwa hiyo mteja hachagui saa ya kuondoka, anaambiwa. Akichelewa mezani kwa kifungua kinywa, safari imesogea hadi kesho, na hakuna fedha ya kuyarudisha maji. Vivyo hivyo mlango wa Mkanda, ule mwembamba unaopita nyuma ya Manda: nahodha anaupima kwa maji, hapimi kwa hamu ya abiria. Na kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, wapo manahodha ambao hawatoki nje ya mwamba hata ukiwaongezea bei. Adabu hizi hazikutungwa na ofisi ya utalii. Zimetoka kwa watu wa Matondoni na vijiji jirani waliounda majahazi kwa mikono na kuyapeleka Mombasa na Unguja yakiwa na shehena, wakati kosa la saa moja lilimaanisha mali kuharibika au watu kutorudi. Utalii ulipofika ulizikuta, ukaingia ndani yake kama mpangaji anavyoingia katika nyumba yenye taratibu zake.

Itasemwa kwamba Lamu ni bahari na sisi tuna ziwa. Wao wana miaka elfu ya biashara ya Bahari ya Hindi, sisi tuna migomba. Anayesema hivyo hajaijua Buganda. Stanley, akiandika juu ya vita vya Mutesa dhidi ya Wavuma mwaka uleule wa 1875, alihesabu mitumbwi zaidi ya 300 katika jeshi la Kabaka. Mkuu wa jeshi hilo la majini alikuwa Gabunga, wa ukoo wa Mamba, na cheo chake hakikuwa cha mapambo. Vyombo vyenyewe vilistahili heshima. Mtumbwi wa Ssese ulianza na mkuku wa gogo moja lililochongwa, juu yake zikapangwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za rafia, matundu yakazibwa ili maji yasipenye, na mbele ukawekewa omo iliyonyanyuka juu, ikipambwa pengine kwa pembe za mnyama na manyoya. Aliyeona michoro ya mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, hatakosa kuuona undugu wa fikra: watu wawili walio mbalimbali, wakikabiliwa na mawimbi, waligundua kwamba mbao zilizoshonwa hupinda kidogo na kurudi pale ambapo zilizogongomewa hupasuka. Mabaharia walitoka hasa Ssese, na kabla ya kuvuka walimkumbuka Mukasa, mwenye ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe. Mtu anaweza asishiriki imani hiyo na bado akaona kazi iliyofanya. Ilimlazimisha kila mwenye kutaka kusafiri, hata akiwa mtu wa Kabaka, akubali kwamba ruhusa ya kuondoka haitoki kwake.

Nguvu ya mabaharia hao ilionekana hata katika siasa. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia kusini ya ziwa, na alipotaka kurudi mwaka uliofuata, kilichomrudisha ni maji: Wasese waliegemea upande wake, mitumbwi yao ikawa yake, na akapiga kambi kisiwani Bulingugwe, mkabala na Munyonyo, akiitazama nchi aliyonyang'anywa. Mahasimu wake walikuwa na bunduki na walikuwa na mji. Hawakuwa na watu wanaojua ziwa. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi tumezoea kumwona mvuvi wa mialo ya Ggaba au Mulungu kama mtu wa pembeni, anayestahili kuhurumiwa au kufukuzwa, ilhali miaka 130 na zaidi iliyopita watu wa kazi yake waliamua nani aketi Mengo kama Kabaka.

Kulitokea nini basi? Malale. Ugonjwa huo uliingia mwambao wa kaskazini wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika Buganda na Busoga. Mbung'o aliyeueneza aliishi kwenye vichaka vya ufukweni, na dawa ya uhakika haikuwapo. Kuanzia mwishoni mwa 1906 serikali ya Hesketh Bell iliamuru watu waondolewe karibu na maji. Baadaye visiwa vya Ssese navyo vikahamishwa, na wenyeji hawakuruhusiwa kurudi hadi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Siwezi kusema amri ile haikuokoa maisha. Huenda iliokoa mengi. Lakini pamoja na watu iliondoa ufundi. Mtumbwi ulioachwa ufukweni miaka kumi hauozi peke yake: huoza pamoja na kijana ambaye angefundishwa na babake wapi pa kujificha dhoruba ikimkuta kati ya visiwa vya Koome na Bugala. Wakati huohuo reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli kama William Mackinnon, Winifred na Sybil zilishika njia kuu za usafiri. Nahodha akawa Mzungu mwenye kofia, mwenyeji akawa mpakiaji wa pamba. Mwaka 1931 reli yenyewe ikafika Kampala kwa nchi kavu, na mji ukapata sababu ya mwisho ya kulipa ziwa kisogo. Umbali huu kati ya Kampala na maji yake, ambao wengi wanauona kuwa tabia ya asili ya watu wa migomba, una tarehe zake na una amri zake.

Ziwa lenyewe halikubadilika kutusubiri. Lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Ukubwa huo na kina hicho ndivyo vinavyolifanya liwe la hatari kwa namna yake. Kwa kuwa ni pana, linatengeneza hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda pwani, na mvua ya mchana ikapiga miji ya ufukweni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, hewa inateremka kutoka pande zote za mwambao na kukutana katikati ya ziwa, inapanda, na kuzaa mawingu ya radi ambayo huchacha kuanzia usiku mkuu hadi asubuhi. Kwa kuwa maji hayana kina kirefu kama bahari, wimbi lake huwa fupi na lenye kusimama. Halimbebi mtu polepole, linampiga mfululizo, la pili likifika kabla chombo hakijainuka kutoka la kwanza. Boti pana ya sherehe yenye paa na ghorofa, ikipigwa ubavuni na mawimbi ya namna hiyo huku watu wote wamekimbilia upande mmoja kujikinga na mvua, haihitaji kutoboka ili izame. Mvuvi anayetoka jioni kwenda kutega na kurudi alfajiri anayajua haya kwa mwili wake. Mwenye kukodi boti kwa ajili ya kutazama machweo na kurejea saa tatu usiku hayajui, na hana haja ya kuyajua, mradi ndani ya chombo yumo mtu mmoja anayeyajua na ambaye neno lake linasikilizwa.

Tarehe 24 Novemba 2018, Jumamosi, boti ya starehe iitwayo Templar ilizama karibu na ufukwe wa Mutima, wilayani Mukono, ikiwa imebeba watu waliokuwa wakisherehekea. Walikufa zaidi ya 30, wengi wao vijana wa Kampala. Ilielezwa wakati ule kwamba waliopanda walizidi uwezo wa chombo, kwamba chombo chenyewe kilikuwa kibovu na hakikuwa na leseni, na kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Waliowahi kwanza kuokoa watu walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Miezi miwili kabla, tarehe 20 Septemba, upande wa Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka hatua chache kabla ya kufika kisiwa cha Ukara, kikiwa na watu zaidi ya maradufu ya 101 kilichoruhusiwa kubeba. Waliokufa walikuwa 228. Misiba hii miwili hujadiliwa kama maswali ya vifaa: kulikuwa na jaketi za kuokolea ngapi, injini ilikaguliwa lini, leseni ilitoka wapi. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na dakika moja, kando ya maji, ambapo idadi ya watu ilikuwa imeshazidi na chombo kilikuwa bado kimefungwa. Dakika ile ilimhitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema hatuondoki, na asipoteze kazi yake kwa kusema hivyo. Wahenga wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na katika boti ya sherehe kila aliyelipa kiingilio ni nahodha: aliyekodi anataka waongezwe marafiki zake, mwenye muziki anataka wazunguke zaidi, mwenye boti anataka safari ya pili. Anayeshika usukani ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Wapo watakaojibu kwamba teknolojia imeliondoa tatizo hili. Simu inaonyesha mawingu, injini mbili za nyuma zinakimbiza boti ya plastiki kutoka Entebbe hadi Ngamba kwa muda usiofika saa moja, na dhoruba ikionekana mbali unaweza kuikimbia. Utabiri kwa kweli umeboreka. Katika miaka ya karibuni idara za hali ya hewa za nchi zinazolizunguka ziwa zimetoa taarifa maalumu kwa wavuvi na wasafiri wa majini, na hilo limeokoa watu. Ila taarifa haishiki usukani. Ikisema jioni kutakuwa na upepo mkali na watu 60 wameshalipa, wameshavaa, wameshapiga picha, taarifa hiyo inahitaji mtu wa kuigeuza kuwa amri. Injini nayo ina tabia moja mbaya: inamfanya asiye baharia afike mahali ambapo baharia pekee ndiye anayeweza kurudi. Zamani aliyefika katikati ya ziwa kwa kasia alikuwa, kwa kule kufika kwake tu, ameshathibitisha kwamba anajua kitu. Sasa mtu anaweza kununua umbali bila kununua ujuzi.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la haki. Ukidai leseni, vyeti na ukaguzi, wasema wapinzani, unawatoa maskini majini na kuwaachia matajiri. Na hapa Uganda wana ushahidi mkononi. Tangu 2017 jeshi liliposhika ulinzi wa uvuvi, mitumbwi iliyopungua futi 28 ilikamatwa na kuchomwa moto kwa maelfu, wenyewe wakitazama. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuokoa samaki wachanga. Waliobaki na majivu walikuwa watu ambao hawakuwa na fedha ya chombo kikubwa. Kwa hiyo mtu anapotamka neno sheria katika mwalo wa Ggaba, wanaomsikiliza wana sababu ya kuuliza nani atachomewa safari hii. Nakubaliana nao kwa sehemu, na ndiyo sababu sidai kwamba jawabu ni ukali. Bunge lilitunga Sheria ya Usafiri wa Majini Ndani ya Nchi mwaka 2021, mahali pa sheria chakavu zilizorithiwa, na inatosha kuanzia. Ninachodai ni kwamba cheti cha unahodha kimtambue kwanza yule aliyezaliwa mwaloni. Mtu aliyevuka kwenda Ssese au Koome miaka ishirini kwa mtumbwi anajua nusu ya mtaala ambayo darasa haliwezi kumpa; afundishwe ile nusu nyingine, yaani injini, redio, huduma ya kwanza, na hesabu ya uzito, kwa lugha anayoielewa na bila ada ya kumfukuza. Hapo kanuni ya usalama inakuwa ajira yake, nayo kampuni ya boti haiwezi kumpa usukani shemeji wa mwenye mali kwa sababu tu anajua kuendesha gari.

Wako pia wanaosema kwamba mambo ya yoti na matanga ni starehe ya kizungu, masalia ya vilabu vya Entebbe na Kaazi ambako maofisa wa serikali ya kikoloni walishindana Jumapili. Historia hiyo ni ya kweli lakini ni fupi. Mwanga hakuwahitaji hao ili aende kutafuta viboko, na mashindano ya mitumbwi ya koo za Buganda bado yanavuta umati hadi Munyonyo, wapigaji kasia wakienda kwa mdundo mmoja na watu wa ukoo wakipiga vigelegele ufukweni. Starehe ya majini hatukuazima kwa mtu.

Nisiifanye pwani kuwa pepo ya mabaharia wasiokosea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Wengi wa waliokufa katika vyombo hivyo walikuwa watoto wa bahari, kutoka visiwa ambako hata mashairi yanatungwa kwa istilahi za usukani na tanga. Mpinzani anaweza kusema basi utamaduni wa majini haumkingi mtu. Lakini tazama vyombo vilivyozama. Vilikuwa vivuko vya abiria, ambavyo abiria hawakuonana na nahodha wala kupatana naye chochote. Tiketi iliuzwa dirishani na watu ambao mshahara wao haukutegemea kufika kwa chombo, na ile Spice Islander ilizidiwa abiria na mizigo kupita kiasi. Pale mila ya Lamu inapofanya kazi, ni kwa sababu anayepokea fedha, anayehesabu watu na anayetazama anga ni mtu mmoja, naye anapanda chombo hichohicho. Ukitenganisha kazi hizo tatu, hata mjukuu wa manahodha kumi anabaki dereva. Somo ambalo Kampala inaweza kulichukua pwani liko hapo, na si lazima tuchukue na majahazi, ingawa nayo yamewahi kufika: Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa majini mwaka 2018, lilizunguka Ziwa Victoria mwaka 2021 na kupita nchi zetu zote tatu, likipeperusha tanga lake la pembe tatu mbele ya miji ya ufukweni.

Basi mkataba wa kukodi boti Munyonyo au Entebbe ungekuwaje ukiandikwa kwa fikra hii? Sehemu kubwa ingekuwa kama ilivyo sasa: bei, mafuta, chakula, saa. Ningeongeza kwanza jina la nahodha na namba ya cheti chake, kabla ya jina la kampuni, kwa sababu mteja ana haki ya kujua anamkabidhi nani watoto wake. Ningeandika kwamba nahodha akiahirisha kwa ajili ya hali ya hewa, mteja anapewa siku nyingine au fedha zake, na nahodha analipwa ujira wa siku hiyo kamili. Kifungu hiki kidogo ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Leo nahodha wa kibarua anayekataa kuondoka anajinyima mlo wa jioni, na mwenye boti anayerudisha fedha anapoteza mapato ya Jumamosi, kwa hiyo kila mtu pale ufukweni ana sababu ya kutumaini kwamba mawingu yale yatapita. Gharama ya kuahirisha ikishalipiwa ndani ya bei tangu mwanzo, mtu anaweza kuyatazama mawingu yalivyo. Wenye boti watasema bei itapanda, na ni kweli itapanda, labda kwa kiasi cha sahani ya samaki kwa kila abiria. Wanaotaka kuzunguka usiku wataambiwa warejee kabla ya giza, au wasitoke mbali na mwambao, na baadhi yao watakwenda kwa mshindani asiyeuliza maswali. Ndipo inapohitajika ile sheria ya 2021 na mkaguzi wake, apite Jumamosi saa kumi jioni pale Ggaba na Mulungu wakati watu wanapanda, ahesabu vichwa, aulize nani nahodha, na akionyeshwa watu wawili au watatu, azuie chombo hadi apatikane mmoja.